Rafu Ilikuwa Tupu

Shangazi yangu alikuwa mtunza stoo, na stoo ni kazi inayomharibu mtu. Hata nyumbani alitaka kila kitu kiwe na mahali pake. Mwiko ukihama kutoka kulia kwa jiko kwenda kushoto, anauliza nani kapita. Mimi nimelelewa na mwanamke huyo tangu nina miaka sita, ndiyo maana leo wateja wa saluni yangu wananicheka wakiona ninavyopanga vitana kwa ukubwa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuniingia akilini. Shangazi aliweza kushona chochote, kuanzia shuka hadi kiti cha baiskeli, ila kiatu hakushona. Ndara ikikatika mkanda, inatupwa siku hiyo hiyo, hata kama ni ya juzi. "Kilichokatika kimekwisha," anasema, na ukibisha unapata jicho. Nilidhani ni maringo.

Hayakuwa maringo. Shangazi aliwahi kusema uongo mara moja, maneno machache tu, na kuna mtu aliyebebeshwa uongo huo miaka ishirini na mitatu. Hii ni habari ya siku alipotaka kumtua mzigo huo kabla hajafa nao.

Nianze na kisiwa. Wageni wakikiona wanapiga picha, lakini si kitu cha kujivunia. Ni jiwe. Ukisimama juu ya genge unakiona mbele yako, karibu kiasi cha kumwona mtu akitembea, mbali kiasi cha kutosikia akiita. Hakina kisima, hakina mti, na hakuna aliyewahi kulala huko kwa hiari yake. Upande wetu nao ni miamba mitupu. Mchanga sisi tunauona kwenye kalenda. Kuna kijighuba kimoja tu ambamo boti inaweza kushushwa, na bahari ikichafuka hata hicho kinafunga. Wenye kisiwa ni ndege, na kinyesi chao, kilichorundikana miaka na miaka, ndicho kilichoileta kampuni ya mbolea. Watu walivuka asubuhi, wakachimba kwa sepeto, wakajaza magunia, wakarudi jioni wananuka kiasi kwamba mapenzi ya ndoa yalipimwa hapo.

Mawe ya kule yanakata na kinyesi kile kinababua ngozi, kwa hiyo kila mtu alivaa mabuti ya mpira ya kampuni. Unafika stoo, unavua ndara zako, unaziweka kwenye rafu ya mbao, shangazi anakupa mabuti. Jioni unayatupa mabuti kwenye pipa la maji, unachukua ndara zako, unakwenda kwenu. Wafanyakazi walikuwa arobaini, boti moja, safari nne au tano kwa siku, huyu anarudi mapema na magunia, yule anabaki kumalizia. Kuhesabu vichwa kuliwashinda tangu wiki ya kwanza. Basi wakaitegemea rafu. Boti haivutwi juu mpaka mtunza stoo aangalie. Ikibaki jozi moja ya ndara, nahodha anarudi kisiwani, anune asinune. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Inasemekana jamaa mmoja alilewa mchana, akaenda zake pekupeku, nahodha akakizunguka kisiwa mara mbili akipiga filimbi huku mwenyewe anakoroma kitandani kwake. Walimcheka mwezi mzima, lakini walilala na amani, kwa sababu waliona rafu haimsahau mtu. Ilifanya kazi miaka kumi na mmoja.

Baba yangu alikuwa mdogo wake shangazi, kitinda mimba wa kwao, na alikuwa mmoja wa wale arobaini. Siku yenyewe mimi na mama tulikuwa safarini, mama amekwenda kumuuguza bibi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumsubiri baba jioni. Alifika stoo na ndara zilizokatika mikanda yote miwili, amezikaza kwa waya.

"Unatembea na nyaya miguuni kama nguzo ya simu?" shangazi akamwambia.

"Dada, hizi bado mbichi kabisa," akasema baba. Akaziweka kwenye rafu, akavaa mabuti, akashuka kwenda kwenye boti huku akipiga mluzi. Shangazi anaukumbuka mluzi ule mpaka leo, na anasema ulikuwa mbaya, baba hakujaliwa sauti.

Saa nane mchana stoo ikawa kimya. Shangazi akazitoa ndara za baba kwenye rafu, akaketi nazo mezani na sindano ya kushonea magunia. Alitaka mwenzake akirudi azikute zimekaa vizuri. Huyo ndiye shangazi. Maneno matamu hayajui, anajua kushona. Akamaliza ya kushoto. Ya kulia haijafika nusu, jino lake la nyuma, lililomsumbua wiki nzima na yeye akilibishia kwa maji ya chumvi, likampiga mpaka machozi yakamtoka. Zahanati ilikuwa inafunga saa kumi. Akakusanya vyote vilivyokuwa mezani, sindano, uzi, ndara, akavisukumia kwenye mkoba wake, akamwita karani wa mizani.

Karani huyu alikuwa mtu wa makini kupita kiasi. Alivaa miwani minene, na watu walimwita Macho Manne kwa utani tu, naye alikuwa anacheka.

"Kaka, niangalizie rafu leo. Jino linaniua."

"Nenda dada, nenda upesi. Rafu hainishindi."

Na kweli aliangalia. Boti ya mwisho ilipofika na watu wakachukua vyao, karani aliingia stoo, akainama mpaka ngazi ya chini kabisa ya rafu, akapitisha na mkono. Tupu. Akatoka akampungia nahodha, boti ikavutwa juu. Baba wakati huo alikuwa nyuma ya kisiwa, anafunga turubai juu ya magunia kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukusanyana. Waliorudi safari ya nne walidhani atakuja na ya tano. Wa safari ya tano walidhani ameondoka na ya nne.

Shangazi aling'olewa jino, akapewa dawa, akalala kama gogo. Aliamshwa asubuhi na upepo uliokuwa ukitikisa mabati. Maumivu yakarudi, akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta vidonge, akagusa mpira. Aliniambia kwamba kabla hajautoa mkono alishajua kila kitu.

Alikimbia na nguo ya kulalia mpaka kwenye genge. Watu walikuwa wameshajaa. Ng'ambo, juu ya jiwe, alionekana mtu anapunga gunia. Nahodha alijaribu kushusha boti mara mbili, na mara ya pili ilirudi na ubavu uliopasuka. Siku ile nzima baba alipunga gunia. Siku ya pili alikaa tu, amejifunika turubai, mara moja moja anainua mkono. Shangazi naye anainua wake. Hawakuwa na lingine la kuambiana. Siku ya tatu asubuhi bahari ikatulia kidogo, boti ikiwa imeshazibwa, nahodha akaisogeza mpaka jiwe la kushukia. Baba akateremka taratibu, amechoka, akaruka. Aliruka mapema. Boti ilikuwa bado haijainuka, akaanguka kati yake na jiwe, na wimbi lililofuata likamchukua. Walimwopoa jioni. Shangazi alikuwa juu ya genge na aliona yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Siku ya mazishi alizichoma zile ndara jikoni. Watu walidhani anachoma takataka.

Wiki iliyofuata kikaitishwa kikao kwenye bwalo la wafanyakazi, pale penye mabenchi marefu na harufu ya mbolea. Akaja bwana mmoja kutoka makao makuu na faili lake. Karani aliapa kwa kila alichokijua. "Niliangalia. Nilipitisha na mkono. Rafu ilikuwa tupu." Yule bwana akauliza, kama ilikuwa tupu, ndara za marehemu zilikwenda wapi? Alikuja kazini pekupeku? Watu wakaguna. Ndipo akamgeukia shangazi.

"Wewe ndiye wa kwanza kufungua stoo baada ya ajali. Ulizikuta?"

Mama yangu alikuwa amekaa mbele kabisa, mimi nikiwa mapajani mwake. Shangazi anasema alitutazama sisi, na ulimi wake ukawa unaligusa lile pengo la jino lililokuwa bado halijapona, na akafikiri kitu kimoja tu: nikisema, mtoto huyu sitamwona tena.

"Zilikuwa pale pale kwenye rafu," akasema.

Basi. Unga wa karani ukamwagika siku hiyo hiyo. Walisema alikuwa amelewa, na hakuwahi kuonja pombe. Walisema alikuwa na haraka ya kwenda kwa mwanamke. Hakuna aliyempa tena kazi ya kuangalia kitu chochote. Alibeba matofali, alifagia soko, uzeeni akapata kufungua geti la shule. Lile jina la utani likageuka tusi. Watoto walitunga na wimbo, mmoja anauliza, "Macho Manne, rafuni mna nini?" na wengine wanaitikia, "Hamna kitu!" Tuliuimba akipita na ufagio wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiachiwa nianze, kwa heshima, kwa sababu marehemu alikuwa baba yangu. Nilikuwa na sauti nzuri, na niliitumia.

Mama baada ya mwaka alipata kazi mji mwingine, kisha akaolewa huko. Aliniacha kwa wifi yake kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hakuna mtu duniani aliyemwamini zaidi. Shangazi alilisikia hilo akiwa anakunja nguo zangu, na aliendelea kukunja.

Kampuni ilifungasha virago mbolea ilipokwisha. Ndege wamebaki na jiwe lao.

Mwaka jana mteja mmoja, nikiwa namsuka, akaniambia Macho Manne yuko taabani, figo zimegoma, yuko nyumbani kwa binti yake anasubiri siku. Nilirudi nyumbani na umbea huo kama mtu aliyeleta nyanya. "Yule mzee naye sasa anaondoka," nikamwambia shangazi. "Mungu hamwachi mtu."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akanieleza yote niliyoyasimulia hapo juu, kwa mpangilio, kama anakabidhi stoo. Hakulia. Alipomaliza akasema, "Wewe ndiye mwenye haki ya kusikia kwanza. Sasa nataka twende kwake. Asife na kitu changu."

Sitajifanya mtu mwema. Nilimtukana. Mwanamke aliyeniogesha, aliyenilipia shule kwa kushona mapazia ya watu, nilimwita muuaji, kisha nikajirekebisha, nikamwita kitu kibaya zaidi. Nilimwuliza kwa nini alikuwa ananisikia nikiimba wimbo ule na anakaa kimya.

"Nilikuwa nafunga dirisha," akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Nilikumbuka madirisha yakifungwa. Nilitoka nikaenda kulala saluni siku mbili, nikisuka watu kwa hasira mpaka wakalalamika vichwa vinauma. Siku ya tatu nilirudi, kwa sababu sina mwingine, na kwa sababu ukweli ni kwamba baba aliuawa na bahari, na shangazi alikuwa anashona. Lakini karani hakuuawa na bahari. Karani aliuawa na sisi, pole pole, na mimi nilikuwa naongoza kwaya.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Binti yake anaishi nyuma ya mashine ya kusaga, vyumba viwili, ukuta mweupe kwa unga. Ni mwanamke wa umri wangu. Alitutambua mara moja na hakufurahi.

"Mmekuja kumtazama kama ameshakufa?"

"Nimekuja kumwambia jambo, mwanangu," shangazi akasema. "Na wewe nataka usikie."

Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango, amevimba miguu, miwani ile ile imeungwa kwa gundi. Kabla hatujaketi alimwuliza binti yake kama ameufunga mlango wa nyuma. Amefunga. Akamwomba akauangalie tena. Binti akaenda, na kwa jinsi alivyokwenda nilijua anatumwa hivyo mara kumi kwa siku.

Shangazi alipiga magoti sakafuni. Sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti.

"Kaka," akasema, "siku ile rafu ilikuwa tupu. Ulisema kweli. Ndara zilikuwa kwenye mkoba wangu, nilizitoa kuzishona, nikaondoka nazo. Nilisema uongo mbele ya watu. Nimekula maisha yako. Sikuja uniambie kitu. Nimekuja ujue kwamba ulisema kweli."

Binti alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Akaweka mkono mdomoni.

 Nilisubiri mzee alie, atukane, amtemee shangazi mate. Yote yangenitosha. Lakini alitabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Dada, wewe moyo wako ulikuwa hivyo tangu zamani," akasema. "Umesikia naumwa, umekuja kunipunguzia. Asante. Lakini usijipe dhambi isiyo yako."

"Si ya kwako, ni yangu! Zilikuwa mkobani!"

"Zilikuwa kwenye rafu. Ngazi ya chini, upande wa kushoto. Zina waya."

"Kaka, wewe mwenyewe uliapa ilikuwa tupu!"

"Niliapa, ndiyo. Nilikuwa naogopa. Miaka ya mwanzo hata mimi niliamini ilikuwa tupu. Kila siku nilikuwa nairudia ile jioni, naingia stoo, nainama, natazama. Naingia, nainama, natazama. Halafu mwaka mmoja nikaziona. Tangu hapo naziona kila nikifumba macho, na waya wake ule. Zilikuwepo, dada. Mimi ndiye sikuangalia sawasawa."

Waya ule ulisemwa kwenye kikao. Watu walizieleza zile ndara mbele yake, rangi, ukubwa na waya, na yeye akabaki nazo. Shangazi akaanza upya, akamweleza sindano, uzi, saa ngapi, jino. Akafungua mdomo kumwonyesha pengo. Ushahidi mwingine hakuwa nao, alishauchoma. Mzee alikuwa anampigapiga begani kama anayembembeleza mtoto, anasema, "Basi, dada, basi, tulia." Binti alikuwa analia sasa, akamwambia, "Baba, msikilize, anasema hukukosea, baba!" Mzee akamwambia asimpigie kelele mgeni.

Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa amenitambua muda wote.

"Huyu ndiye mtoto," akasema. "Umefanana naye mdomo. Mwanangu, nimetaka kukuona miaka mingi, nikaogopa. Ulikuwa unaimba. Ilikuwa haki yako. Nisamehe. Ilikuwa kazi ndogo tu, kutazama, na sikutazama."

Alinyoosha mkono. Ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Shangazi aligeuza kichwa akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu kimoja: kataa. Mwambie hapana, huna cha kusamehewa. Nami nilifungua kinywa nikamwambia hivyo, naapa nilimwambia, "Mzee, huna kosa, sisi ndio tunaokuomba wewe." Uso wa mzee ukasawijika. Alielewa kwamba nimemkatalia. Akaurudisha mkono pole pole juu ya shuka, akasema, "Sawa, mwanangu. Ni kubwa, najua. Sawa."

Nilimtazama binti yake. Alikuwa anatikisa kichwa, sijui ananikataza au ananiruhusu. Kwenye mashine mtu alikuwa anasaga na ukuta ulikuwa unatetemeka.

Nikauchukua ule mkono. Nikasema, "Nimekusamehe, mzee. Mimi mtoto wake, nimekusamehe."

Mzee akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na mwili wake wote ukalegea. Akaniambia Mungu anibariki, mimi na uzao wangu. Shangazi alikuwa bado amepiga magoti pale chini, anamtazama. Binti akamshika mkono kumwinua, akashindwa, tukamwinua wawili.